Mawakala wa safari, acheni kutupeleka Pompeii saa sita mchana mwezi wa Julai!

Wakuu, nipo hotelini Napoli, hasira bado ya moto, mnivumilie.

Kuna wakala (jina naliweka kando) kaniuzia mimi, mke wangu na mama mkwe "Pompeii siku nzima, kila kitu ndani", yaani yale magofu ya mji wa kale wa Warumi karibu na Napoli. Ratiba yenyewe sasa: basi linatoka Roma asubuhi, linasimama kahawa, linasimama tena Torre del Greco kwenye duka la marijani na vito vya kuchonga, getini tunafika saa sita kasoro. Geti linafunguliwa saa tatu! Saa zote za ubaridi tumezimalizia dukani, ambako kiongozi wetu anasalimiana na mwenye duka kama shemeji yake.

Kabla hamjaanza na "Mswahili gani analalamikia jua": nimekulia Tanga, jua nalijua. Tanga kuna miembe na upepo wa bahari. Pompeii mapaa mengi yalikwenda na mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79, njia zimetandikwa mawe meusi ya volkano, joto linakupiga juu na chini. Mama mkwe anavuka barabara kwa yale mawe makubwa waliyoweka Warumi ili wasikanyage uchafu, mkono mmoja kashika buibui, mwingine mwavuli, na nyuma kundi la watalii wa meli linamsukuma. Foleni ya danguro la kale ndiyo usiseme. Mama akauliza, "Pale pana nini, mwanangu?" Nikajifanya sijasikia.

Sasa linaloniuma zaidi. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo magofu na makumbusho ya serikali Italia ni bure. Ndiyo siku ya kujaa kuliko zote! Tangu Novemba 2024 wameweka ukomo wa watu 20,000 kwa siku pale, na siku kama hiyo unauona wote kwa macho yako. Mtu anayeifanya kazi hii kila wiki hajui hilo? Anajua. Na kiingilio katutoza vilevile, kipo kwenye risiti.

Mnaopanga kuja, msimpe mtu hela ya basi. Laleni Napoli, pandeni treni ya Circumvesuviana mapema, shukeni Pompei Scavi, geti la Porta Marina lipo hapo hapo. Saa tatu muwe mmeshaingia, saa tano na nusu muwe mnatoka. Kama mna mzee au watoto, nendeni Ercolano badala yake, mji mwingine wa kale uliofukiwa na Vesuvius: padogo, nyumba kadhaa bado zina ghorofa ya juu na hata mbao za enzi zile, kivuli kipo. Mliopo Roma, magofu ya Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, ni kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya Piramide, misonobari imejaa, na watu si wengi kama Pompeii. Mwenye uhuru wa likizo aje Novemba, Julai awaachie wenye basi lao.

Nimemwandikia wakala WhatsApp kudai hela yangu. Kanijibu: "Kaka, jua ni la Mungu." Sawa. Na kiingilio cha siku ya bure, nacho kakichukua Mungu?