UKOO WA MZEE SALEHE (gari la Mama)

Jumanne

Zuhura 20:02
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tusome wote, tusitie dole gumba tu na kupita. Jana teksi ya Mama elfu 45 kwenda, elfu 50 kurudi. Kibaha mpaka Muhimbili, mara 3 kwa wiki. Hatufiki mbali hivi. Gari lipatikane mwezi huu.

Zuhura 20:03
Na liwe la umeme, hesabu yake nitawawekea. Nimepata mawili kwa muuzaji mmoja, anatushikia mpaka Ijumaa saa 10 jioni.

Zuhura 20:09
1. Nissan Leaf ya 2013, betri ya uniti 24, milioni 16
2. Leaf ya 2018, uniti 40, milioni 29
3. BYD Dolphin mpya, uniti 44.9. Hii nimeiweka tuione tu, bei imetupita

Shamsi 20:10
Dolphin skrini yake inazunguka shangazi 😍😍

Zuhura 20:11
Shamsi, skrini haimbebi bibi yako.

Hadija 20:31
Ya milioni 16 ina kasoro gani? Inanunulika hata kesho.

Kondo 21:15
Da Zuhura umeangalia vijiti?

Zuhura 21:15
Vijiti vipi?

Kondo 21:19
Kwenye dashi, kulia kabisa. Kuna vikubwa na vidogo. Vikubwa ni chaji, vidogo ni uzima wa betri, likiwa jipya vinakuwa 12. Kikizimika cha kwanza ujue kama asilimia 15 imeshakwenda.

Zuhura 21:24
[Picha]
Nahesabu 8.

Kondo 21:30
Basi achana nayo. Hapo zimebaki kama uniti 16. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na joto letu mnalijua. Kwenda na kurudi ni kilomita 80. Weka foleni ya Mbezi, weka kiyoyozi. Kwenda mtafika. Kurudi inaweza kuwasha alama ya kobe pale Kibamba, nguvu inakata.

Shamsi 21:31
KOBE??? 😂😂😂

Mjomba Rashidi 21:33
Kobe wa babu yenu pale Chumbageni yuko hai mpaka leo. Kamzidi umri Hadija

Hadija 21:34
Mjomba jamani 😂

Shamsi 21:36
🐢🐢🐢🐢 gari la ukoo

Zuhura 21:40
Nisikilizeni. Mimi ndiye ninayekaa naye kiti cha nyuma akitoka kusafishwa damu. Mkono unakuwa wa baridi, kizibo cha chupa ya maji hakiwezi, namfungulia mimi. Mtu huyo simweki Kibamba pembeni ya barabara akisubiri gari la kuvuta. Ya milioni 16 nimeifuta. Tuzungumzie ya uniti 40.

Shamsi 21:42
Hiyo ina mbio?

Kondo 21:50
Sifuri mpaka 100 kama sekunde 8. Dolphin ya betri hiyo ndogo ni kama 12. Kwa umbali Dolphin inaishinda: kipimo cha Ulaya kinaipa kilomita 340, Leaf hii ilipokuwa mpya 270. Na betri ya BYD ni ya chuma na fosfeti, inavumilia joto, unaijaza mpaka 100 bila hofu. Hela ingekuwepo ningesema Dolphin.

Zuhura 21:52
Haipo. Kiti cha magurudumu kinaingia kwenye buti?

Kondo 21:55
Leaf buti lita 435, kikikunjwa kinaingia. Dolphin 345, mpaka ulaze viti vya nyuma. Ila Leaf ya 2018 ina kitu kimoja, ukiachia mguu inajifunga breki yenyewe mpaka isimame. Dereva asiyeizoea atamtapisha Mama. Pana swichi ya kuzima.

Jumatano

Zuhura 07:05
Tiki za bluu 14. Majibu ya watu 4. Wengine mmelala?

Zuhura 13:20
?

Idi 23:41
Nunueni Toyota IST. Sheli kila mahali, fundi kila kona. Umeme ukikatika mtachaji na kibatari?

Mjomba Rashidi 23:42
😂😂 kibatari

Zuhura 23:50
Idi, asante kwa kuonekana. Hesabu hii hapa. Kilomita 240 kwa wiki. IST kwenye foleni inakula kama lita 20, lita kama elfu 3, hiyo ni elfu 60. Leaf inakula kama uniti 42 pamoja na zinazopotea kwenye kuchaji. LUKU uniti moja kama shilingi 356. Jumla kama elfu 15. Kila wiki inabaki elfu 45, ndiyo dawa za Mama hizo.

Kondo 23:53
Na kilomita 80 zinarudi usiku mmoja kwa soketi ya ukutani, kwa muda wa saa 5 au 6 hivi. Umeme ukikatika usiku mmoja, betri ya uniti 40 inakwenda siku ya pili.

Hadija 23:58
Mimi sina neno na umeme. Nashangaa Idi ndiye wa kutushauri gari. Hela za lile gari la Noah zilikwenda wapi?

Alhamisi

Idi 00:04
Hadija hilo tulilimaliza Tanga.

Hadija 00:05
Ulilimaliza wewe.

Idi 00:06
Ujumbe huu umefutwa

Mama Nasra 06:20
Nani ana namba ya fundi bomba wa Maili Moja? Tangi linavuja tangu jana

Baba Mkubwa 06:48
nimesoma yote. ya noah nayajua mimi na marehemu. hapa pana mgonjwa. gari litaandikwa jina la mama yenu na kadi itakaa kwangu. mwenye kutoa atoe. asiye nacho aseme mapema tusimngoje. mimi natoa milioni 3

Zuhura 06:50
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Hadija 06:57
Shikamoo Baba Mkubwa. Nisamehe.

Kondo 07:10
Sawa Baba Mkubwa

Shamsi 07:12
Shikamoo babu 🙏🏾

Baba Mkubwa 07:30
marahaba

Zuhura 09:15
Mimi 8, Hadija 5, Baba Mkubwa 3, Kondo 2. Ni 18. Pungufu milioni 11. Na kesho Ijumaa ni siku ya Mama, siwezi kuwa Muhimbili na yadi kwa pamoja. Kondo nenda leo.

Kondo 09:40
Naenda na kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, na LeafSpy kwenye simu, programu ya kusoma betri. Vijiti vya dashi vinadanganywa. Wakifuta kumbukumbu za betri vinawaka vyote 12, baada ya muda vinaanza kudondoka upya.

Kondo 16:22
Niko ndani ya gari. Dashi yote Kijapani.

Mjomba Rashidi 16:23
Na ile sauti ya mwanamke wa Kijapani imesema neno lake ulipowasha?

Kondo 16:24
Imesema 😂 sijaelewa hata moja

Zuhura 16:24
KONDO. Betri.

Kondo 16:31
Vijiti 11. Simu inasoma uzima asilimia 84. Hiyo ni kama uniti 33, Muhimbili kwenda na kurudi mara 2 bila kuchaji. Chini pakavu, hapana kutu.

Zuhura 16:32
Alhamdulillah.

Kondo 16:35
Ila waya wa kuchajia haupo. Muuzaji anasema tuununue wenyewe.

Zuhura 16:36
Aupunguze kwenye bei. Usitoke hapo mpaka akubali.

Zuhura 17:10
Kondo?

Zuhura 17:48
Kondo pokea simu.

Hadija 18:05
Nimepokea milioni 3 kutoka kwa Idi. Zimeingia kwangu.

Baba Mkubwa 18:09
vizuri

Zuhura 18:11
Idi, Mungu akuzidishie. Bado 8, na wengine sijawasikia. Kondo, waya?