Tupeane uzoefu: kabla ya kugusa kompyuta, mkono wako ulijifunza nini?

Jambo yenu bandugu. Mtoto wa mama mdogo amemaliza humanite (sekondari) na anataka kusoma dizaini hapa hapa Lubumbashi. Ana kompyuta aliyonunuliwa na mjomba, na ndani ya simu yake kuna nembo kama 30 alizozichora mwenyewe. Juzi kaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, kwa nini mwaka wa kwanza ni penseli na rangi tu? Si ni kupoteza makuta?" Nilimjibu kwa haraka, nikalala nikijua sijamjibu. Naomba kila aliyepita huko aeleze zoezi moja la mwanzo ambalo mpaka leo linamlisha. Naanza mimi.

Langu ni kijivu. Mwalimu alitupa gwashi (rangi nzito ya kuchanganya na maji) nyeupe, gwashi nyeusi na karatasi yenye visanduku 9. Cha kwanza kiwe cheupe kabisa, cha mwisho cheusi kabisa, na vya katikati vishuke kwa hatua zilizo sawa. Nilifikiri nitamaliza kabla ya mapumziko. Nikakamua nyeusi kwenye kisahani, nikaanza kuiongezea nyeupe. Tyubu ya nyeupe ikakaribia kwisha, na kijivu changu bado ni usiku. Jirani yangu akanionyesha: nyeusi inakula nyeupe, kwa hiyo unaanza na nyeupe nyingi, unaigusisha nyeusi kwa ncha ya brashi, unakoroga mpaka mistari ipotee. Nikafaulu, nikaenda nyumbani na furaha. Asubuhi nikakuta visanduku vimebadilika, kwa sababu gwashi ikikauka haibaki ile uliyoiona mbichi: rangi za mwanga hutiwa giza, za giza hufifia. Nilirudia wiki 3.

Miaka baadaye mama mmoja wa famasi kule mtaani Kampemba alitaka kibao cha herufi za njano juu ya nyeupe, maana njano ndiyo rangi anayoipenda. Sikubishana naye. Nilichora kipande kidogo, nikakiegemeza mlangoni, tukavuka barabara wote wawili, nikamwomba afinyaze macho. Herufi zikapotea. Njano na nyeupe kwenye ngazi yangu ya kijivu ni majirani wa karibu mno. Njano yake aliipata, ila juu ya kijani cha giza, na inasomeka mpaka ng'ambo.

Haya, nawasikiliza.

Mshona Liputa (Katuba): Mimi ni upande wa mitindo. Zoezi langu ni la kurudia mchoro: unachora umbo moja ndani ya mraba, kisha unalipanga kulia, kushoto, juu, chini, mpaka ukurasa ujae na mtu asione pa kuungia. Nilikuwa naliona la watoto.

Nilipoanza kushona, mteja akaniletea yadi 6 za liputa (kitenge) yenye ndege, nzuri sana, ya arusi ya dada yake. Nikaikunja kwa mapana ili nikate mbele na nyuma kwa mkasi mmoja. Nilipofunua, mbele ndege wanaruka, nyuma wote wako kichwa chini. Nililia, dada zangu. Nililipa liputa ile kutoka mfukoni mwangu. Siku hiyo nikarudi kwenye kile kidaftari cha miraba nikaelewa mwalimu alikuwa anatufundisha nini: kabla ya mkasi, uliza mchoro una juu na chini au hauna, na unajirudia baada ya kipimo gani. Sasa kila liputa naitandika chini yote, naitafuta ile pointi mchoro unapoanza upya, naitia chaki. Tena ukitaka ua kubwa likae katikati ya kifua, hesabu ya kitambaa inaongezeka, mwambie mteja mapema.

Fundi Vibao (Kamalondo): Sikukaa kwenye darasa la sanaa. Nilisomea kwa mzee aliyekuwa anaandika kuta za maduka, yeye ameshatangulia. Miezi yangu ya mwanzo hakunipa rangi. Alinipa chokaa, kamba, na neno moja: AVENUE. Niliandike ukutani, nilifute, niliandike tena.

Ukilipima neno hilo kwa rula, ukaweka nafasi ile ile kila mahali, litaharibika. N na U zina miguu iliyosimama, zinahitaji pumzi katikati. A na V zimelala upande mmoja, kwa hiyo lazima zisogeleane, la sivyo panabaki shimo. Mzee alikuwa ananiambia nigeuze kichwa nilitazame neno juu chini, ili jicho liache kusoma na lianze kuona nafasi. Na O je? Ukiiandika kwa kimo kile kile cha H, inaonekana fupi. Inabidi ivuke mstari kidogo juu na kidogo chini, kama unene wa ukucha.

Leo vijana wananiletea kazi za kompyuta, herufi wameziacha kama programu ilivyoziweka, na wakizikuza kufikia mita 2 lile shimo linakuwa mlango. Mdogo wako mwambie aje, ukuta upo na chokaa ipo.

Mwana wa Bel-Air: Nitasema upande mwingine, kwa sababu unaniuma. Mwaka wangu wa kwanza tulichora kila siku. Chupa, kiti, mkono, chupa tena. Kazi ilirudi na 11 juu ya 20, bila neno. Nikichora vizuri zaidi, 11. Nikichoka, 11. Hakuna aliyewahi kuketi nami akasema mstari huu umekosea hapa. Sitaji shule. Lakini zoezi bila mtu wa kulisoma ni karatasi tu. Kilichoniokoa ni wenzangu 4: Jumamosi tulitandika kazi zetu chini uani kwetu, kila mmoja anaeleza anachoona kwenye ya mwenzake, mwenye kazi ananyamaza mpaka mwisho. Ndugu, kama kijana ataingia, mtafutie hao watu 4 kwanza.

Mzee wa Msalaba: Wanangu, swali hili ni la zamani katika mji huu. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Hakutaka vijana wanakili picha za Ulaya, aliwaambia watazame mazingira yao. Ndiyo maana, kati ya wachoraji wake, Pili Pili ana samaki na ndege wake, Bela alichora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga kwa vistari vifupi vifupi, humchanganyi na mwingine. Mwaka 1951 Laurent Moonens, Mbelgiji, akaanzisha chuo cha sanaa, chenye programu na madarasa. Ule mwaka wa msingi nao una historia yake: Bauhaus, shule ya sanaa na dizaini ya Ujerumani, ilifunguliwa 1919, na Johannes Itten akaweka kozi ya maandalizi ambayo mwanafunzi aliipitia kabla ya kuingia karakana. Mimi nimeishi kati ya mawazo hayo mawili, jicho lako na nidhamu ya wote, na sijaona moja likitosha.

Zoezi langu: mwalimu aliweka mezani msalaba wa shaba, ile fedha ya wazee wetu. Tuuchore kwa muda wa saa 2. Nilidhani mikono 4 iko sawa. Haiko. Shaba ilimiminwa ya moto, kingo zimejivimbia, mkono mmoja umenenepa. Nilipomaliza kila kovu, akasema: sasa mistari 12 tu. Kisha 6. Ibaki msalaba ule ule, si msalaba wa kanisa. Kujua nini cha kutupa kulinichukua siku 4, na nembo zote nilizochora baadaye zimetoka hapo.

Unga na Sabuni: Nachora vifungashio. Kwetu ilikuwa karatasi moja, bila gundi, bila mkasi, isimame na ibebe kitabu. Nilikunja zigizaga kama feni, ikabeba vitabu 3. Josef Albers aliwapa wanafunzi wake wa Bauhaus magazeti kwa nia hiyo hiyo, watumie karatasi bila kupoteza. Nilipochora boksi la keki la mama mmoja wa mtaani kwetu, nilianza kwa kukunja, rangi ikaja mwisho. Sehemu ya chini haihitaji gundi.

Mwenye uzi: Aksanti sana, Mama, Papa, bandugu. Nimemsomea kijana yote, hata ya Bel-Air, hiyo hasa. Hakusema mengi. Ameomba tyubu mbili, nyeupe na nyeusi, nikamkatia karatasi ya visanduku 9. Fundi Vibao, Jumamosi namleta Kamalondo, tuambie tu saa ngapi.