Komedi yetu inadaiwa msimu wa tatu: tuendelee au tuifunge?

ZabibuKavu:
Wakuu, habari za majukumu. Kikundi chetu hapa Dodoma kinaandika komedi ya mfululizo ya mtandaoni, episodi za dakika 12. Mhusika mkuu ni Bwana Kombo, mtumishi wa wizara aliyehamishwa kutoka Dar serikali ilipohamia huku. Amepanga Nkuhungu kwa Mama Mazengo, na kila episodi anatafuta upenyo wa kurudi Dar: mara barua ya uhamisho, mara cheti cha daktari eti vumbi linamdhuru. Mwisho wa msimu wa pili tumempa kiwanja Iyumbu na ameridhika kubaki. Watazamaji wanadai msimu wa tatu. Wenzangu wanataka tuendelee, mimi naona imeanza kuchuja. Komedi kubwa za TV zilichuja kwa sababu gani hasa, na mwandishi anatambuaje mapema?

BibiSkripti:
ZabibuKavu, tatizo lako ni hicho kiwanja cha Iyumbu. Kombo alichekesha kwa sababu anaitaka Dar na haipati. Umempa amani, sasa ataamka asubuhi kufanya nini?

Itazame Frasier ya Marekani. Niles alimpenda Daphne kimyakimya misimu saba, na kila akiingia chumbani tunajua atajikwaa. Mwaka 2000 wakaunganishwa, kipindi kikasogea hadi msimu wa 11, mwaka 2004. Kwangu mimi ile misimu ya mwisho haina tena joto lile, maana Niles aliyeridhika ni mume tu mwenye maneno mengi.

Lakini usikariri kwamba wapendanao wasiunganishwe. Katika Friends, komedi nyingine ya Marekani, marafiki Monica na Chandler waliunganishwa London mwisho wa msimu wa nne, na msimu wa tano ukapata nguvu mpya. Kwa nini? Walipaswa kuwaficha wenzao uhusiano wao. Kile walichokipata kilizaa shida ya kila siku: mlango unafunguliwa ghafla, mtu anajificha, uongo unahitaji uongo mwingine.

Kwa hiyo kiwanja kibaki, ila kimgharimu. Mkewe yuko Dar na hataki kusikia habari za kuhama. Sasa Kombo aliyeilaani Dodoma misimu miwili ndiye anayelazimika kuisifia kwa simu: upepo mzuri, zabibu, hakuna foleni. Kila alichokilalamikia awali kinamrudia mdomoni mwa mke. Hapo una msimu mzima bila kuleta mhusika hata mmoja mpya.

MakoleMjini:
Bibi kamaliza upande wa hadithi. Mimi naongeza wahusika, maana ndiko uozo unakoanza, na huwa hauonekani kwa anayeandika kila wiki.

Chukua Joey wa Friends. Misimu ya mwanzo ni kijana mzito wa kuelewa, lakini mjanja kwa wanawake na ana moyo kwa rafiki zake. Nenda msimu wa 10, episodi ya Kifaransa. Phoebe anamfundisha sentensi moja fupi, anaivunja silabi silabi, Joey anaitamka kila silabi sawasawa. Akiambiwa aziunganishe anatoa makelele yasiyo lugha. Watu wanacheka, ndiyo, ila huyo si mtu tena, ni mashine ya ujinga. Mwaka uleule wa 2004 akapewa kipindi chake peke yake, kikafa baada ya misimu miwili.

Inatokeaje? Kicheko kimoja kikipokelewa vizuri, episodi inayofuata mwandishi anakirudia kwa sauti zaidi. Baada ya episodi 20 tabia nyingine zote zimefutika.

Kipimo: chukua skripti tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Funika majina ya wasemaji, mpe msomaji asiye wa kikundi. Za mwanzo atawatambua kwa wanachokitaka. Akiwatambua za mwisho kwa misemo yao tu, mmeshachuja. Mama Mazengo akiingia na "Mbukwenyi!" kila onyesho na watu wanacheka salamu yenyewe, iondoeni episodi nne mfululizo mwone kama bado anachekesha. Na tafadhali, lafudhi ya Kigogo isiwe ndiyo kichekesho. Inaisha haraka, na inawadharau watu ambao ndio majirani wa mhusika wenu. Mpeni Mama Mazengo hesabu kali za kodi, hapo atamshinda Kombo kwa akili.

Dirisha2:
Neno moja kuhusu "watazamaji wanadai". Wingi wa watazamaji ni kipimo kinachochelewa. Komedi ya Marekani Happy Days ilimrusha mhusika wake Fonzie juu ya samaki papa, kwenye maji, na koti lake la ngozi, mwaka 1977. Hadi leo hiyo ndiyo episodi inayotajwa kama alama ya kipindi kuishiwa. Lakini kiliendelea hadi 1984! Watu hutazama kwa mazoea muda mrefu baada ya kuacha kucheka.

Wamarekani wana sababu ya kuvuta. Kwa miaka mingi kipindi kikifika kama episodi 100 ndipo kinauzika vizuri kwa vituo vingine kurudiwa kila siku, kwa hiyo mtandao wa TV hukibeba hata kikiwa kimechoka. Nyie hamna soko hilo, basi msibebe mzigo wake. Waingereza waliandika Fawlty Towers watu wawili, episodi sita mwaka 1975, sita mwaka 1979, wakafunga.

Kabla ya kutangaza lolote, andikeni muhtasari wa episodi sita, mistari mitano kila moja: Kombo anataka nini leo, anadanganya nini, nani anamgundua, analipa nini. Mkifika ya nne mkaanza kutafuta pacha aliyepotea au safari ya Zanzibar, acheni.

ZabibuKavu:
Asanteni sana, wazo la mke nimelipeleka kwa wenzangu. Kuna jambo sikulisema: mwigizaji wa Mama Mazengo amepata kazi mkoa mwingine na hatarudi. Tumweke mwingine avae nafasi ileile?

BibiSkripti:
Hapana, ndugu yangu. Diane, mhudumu msomi wa baa katika komedi ya Cheers, alipoondoka mwaka 1987, hawakuleta mhudumu mwingine msomi. Baa iliuzwa kwa kampuni, mwenye baa Sam akarudi kuajiriwa mle mle alimokuwa bosi, na meneja wake ni Rebecca, mwenye tamaa ya kupanda cheo. Kipindi kikaenda hadi 1993. Linganisha na Two and a Half Men baada ya mwigizaji mkuu Charlie Sheen kuondolewa mwaka 2011: tajiri mpya anainunua nyumba ya mhusika wake, Alan, mdogo wa mhusika huyo aliyekuwa akiishi kwake, anabaki humo humo, na kila msimu waandishi wanahangaika kueleza kwa nini bado yupo. Misimu minne ya visingizio.

Mama Mazengo ahamie kijijini Kongwa, nyumba aiachie mpwa wake dalali, kijana anayetaka wapangaji watoke ili aiuze. Awali Kombo alitaka kutoka na mwenye nyumba akadai kodi yake. Sasa anataka kubaki hadi ajenge Iyumbu, na anafukuzwa. Mama asikike kwa simu mara moja tu msimu mzima, mrekodi sauti yake kabla hajasafiri. Mrekodi ndani ya chumba, huo upepo wa Dodoma wa Julai utawaharibia maikrofoni.