Mnaoziita meli za mafuta "vituo vya mafuta vinavyoelea", leo tuelewane

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kwenye ule uzi wa vita ya Pasifiki nilitaja Neosho, meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani, jamaa mmoja akanijibu: "Hicho si kituo cha mafuta kinachoelea? Tuletee manowari za maana." Akamwagiwa like kama mvua ya masika. Mimi nilipomjibu nikafungiwa siku tatu kwa lugha kali. Haya, kifungo kimeisha, na povu liko pale pale.

Mimi nimefanya kazi miaka tisa kwenye tishari la mafuta bandarini. Naujua mpira wa mafuta ukijaa presha unavyorukaruka kama chatu, na ile harufu haitoki nguoni hata ufue na nini. Kwa hiyo mtu akidharau kazi hii mbele yangu, amenitonesha kidonda.

Sasa someni. Mwaka 1938 Marekani iliagiza meli 12 za mafuta za aina ya Cimarron. Zilichorwa kama meli za biashara, ila serikali ikakubali kulipia nyongeza ya injini kubwa ili zifike karibu kilomita 33 kwa saa, na siku ya vita ziweze kufuatana na manowari badala ya kujikokota nyuma kama zile za zamani. Cimarron yenyewe ilianza kazi jeshini Machi 1939, ikibeba mapipa kama 146,000. Injini hizo zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1942 nne kati yake ziligeuzwa meli za kubeba ndege: Sangamon, Suwannee, Chenango na Santee. Yaani kuna mtu humu anaisifia Santee kila wiki na hajui kwamba ni "kituo cha mafuta" kilichovishwa uwanja wa ndege kichwani!

Na kujaza mafuta baharini mnadhani ni kama kwenda sheli? Meli mbili kubwa zinakwenda bega kwa bega, mita chache tu katikati, maji yakizivuta zigongane, mipira inaning'inia juu ya mawimbi. Mshika usukani akipitiwa kidogo, mmekwisha. Na muda wote huo hamuwezi kukata kona wala kukimbia, nyambizi ikitokea imewakuta mmefungwa kamba.

Ile safari ya Doolittle, rubani wa Marekani, kwenda kuipiga Tokyo, Aprili 1942, mnaijua yote, hadi majina ya marubani. Cimarron na mwenzake Sabine ndizo zilizoulisha msafara ule. Tarehe 17 zikajaza mara ya mwisho, zikabaki nyuma, meli za kubeba ndege Hornet na Enterprise zikatimua mbio, kesho yake ndege zikaruka. Kwenye simulizi zenu hizo mbili zinapata mstari mmoja, zikibahatika.

Sasa Neosho, nayo ya aina ya Cimarron. Asubuhi Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor, bandari ya Marekani kule Hawaii, Desemba 1941, ilikuwa imefungwa kwenye gati la mafuta la Ford Island, ndiyo kwanza imetoka kushusha petroli ya ndege, manowari kubwa ziko jirani kabisa. Nahodha wake, John S. Phillips, akaing'oa pale katikati ya mabomu, bunduki zake zinajibu, akaitoa salama. Fikiria ingelipukia pale.

Miezi mitano baadaye, vita ya Coral Sea, bahari ya upande wa Australia. Tarehe 6 Mei iliijaza mafuta Yorktown, meli ya kubeba ndege ya Marekani, ikaambiwa isogee kusini na manowari moja ndogo ya kuilinda, Sims. Asubuhi ya tarehe 7 rubani Mjapani akaiona Neosho akaripoti meli ya kubeba ndege! Japani ikatuma ndege 78 kuisaka. Sims ikazama na karibu watu wake wote. Neosho ikala mabomu saba na ndege moja ikaiangukia. Asubuhi hiyo hiyo, ndege hizo zikiwa zinahangaika na "kituo cha mafuta", Wamarekani waliizamisha Shoho, meli ya kubeba ndege ya kweli ya Japani. Mniambie nani alimfanyia nani kazi.

Ndani ya Neosho kulikuwa na fundi wa mitambo ya mvuke, Oscar Peterson. Aliungua vibaya, bado akaenda kufunga vali za mvuke kwa mikono ile ile iliyoungua. Akafa. Alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, lakini humu jina lake sijaliona hata mara moja.

Meli haikuzama. Ilielea siku nne, imeinama, na msaada ulichelewa kwa sababu mahali walipotangaza kwamba wapo palikuwa pamekosewa. Tarehe 11 manowari ya Marekani, Henley, ikawakuta, ikaokoa 123 wa meli zote mbili, kisha ikaizamisha Neosho yenyewe. Wengine 68 walikuwa wamepelekwa na maji wakiwa kwenye maboya. Walipatikana wanne tu.

Kuna na Mississinewa, ya aina hiyo hiyo, iliyopigwa na Wajapani kwenye visiwa vya Ulithi, Pasifiki, Novemba 1944 na kaiten, topedo inayoendeshwa na mtu ndani yake. Walikufa 63. Mwaka 2001 mabaki yake yakaanza kuvujisha mafuta, 2003 ikabidi jeshi lirudi kuyanyonya.

Mods, huu uzi naomba msiuunganishe na ule wa Yamato, manowari kubwa ya Japani. Na yule jamaa wa like nyingi nimemtag, nimemsubiri tangu asubuhi.