Wauza "kompyuta za gemu na studio" Mwanza, hili changa la macho litaisha lini?

#1

Wakuu,

Sitaji duka na nyie msitaje, maana mchezo ni uleule kuanzia Makoroboi mpaka Igoma, na anayeucheza anajijua. Kinachoudhi ni maneno "gemu na studio" kubandikwa kwenye kila boksi lenye taa.

Boksi lenyewe linapikwa hivi. Inang'olewa i5-3470, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2012, kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba. Inahamishiwa kwenye bodi mama ya H61 ya bei chee, inavishwa kasha la kioo na feni tatu zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Prosesa sina ugomvi nayo. Gemu ya GTA V ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wenyewe waliitaja hiyohiyo i5-3470 kwenye orodha ya mashine wanayoipendekeza. Mwambie mteja ukweli huo, muuzie kwa bei yake, ataondoka anacheka. Lakini hapana, lazima aambiwe ndani kuna kadi ya picha ya GTX 1050 Ti.

Hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Kadi nyingi kati ya hizo ni GTS 450 au GTX 550 Ti, chipu za mwaka 2010 na 2011, zilizoandikiwa BIOS (programu ya ndani inayoitambulisha kadi) ya uongo ili Windows isome jina jipya. Nvidia, mwenye chipu hizo, iliziacha bila draiva (programu ya kuiendesha kadi) mpya tangu 2018. Gemu zinazotaka Vulkan, njia ya gemu kuongea na kadi ya picha, hazifunguki kabisa, kwa sababu chipu hizo hazina Vulkan. Siku mteja anasasisha draiva, kioo kinakuwa cheusi au kadi inasimamishwa kwa kosa namba 43, anarudi dukani anaambiwa "umeingiza virusi". Virusi gani, jamani?

Kuikamata kadi bandia hakuhitaji ufundi. Angalia matundu ya nyuma. Familia ya GTX 10 haitoi picha ya analogia, kwa hiyo ukiona tundu la bluu la VGA kwenye "1050 Ti", anza kushuku hapohapo. Kisha fungua GPU-Z, programu ya bure isiyohitaji kusakinishwa. Tangu 2018 ina uwezo wa kutambua chipu hizi na huandika neno FAKE mbele ya jina. 1050 Ti halali inasoma chipu GP107 na kore 768. Ukisoma GF106 au GF116, rudisha pesa mfukoni. Dakika mbili zinatosha. Muuzaji akikataa usichomeke flashi, amekwishajibu swali lako.

Pawa saplai nayo wanaandika "500W" kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa, soma mstari wa 12V. Ukikuta ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Hizo ndizo wati zinazolisha kadi na prosesa, mengine ni mapambo. Zile kompyuta za ofisi za Dell, OptiPlex 7010 nyembamba, zina 240W halali na zinafanya kazi bila kelele. Sasa mtu anatupa 240W ya kweli anaweka 500W ya karatasi, halafu mashine inazima katikati ya mechi.

RAM, yaani kumbukumbu ya kazi: wanaweka kipande kimoja cha GB 8 badala ya viwili vya GB 4. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha huo ni uuaji, maana picha zinategemea kasi ya RAM. DDR3-1600 kipande kimoja kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili 25.6. Programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory, itakwambia kama RAM inapita njia moja (Single) au mbili (Dual).

Sasa programu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Mashine nyingi za ofisi zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro zina ufunguo wake halali ndani ya BIOS ya bodi mama. Ukisakinisha Windows safi, inajiwasha yenyewe ikipata intaneti. Fundi anafuta hiyo, anapachika Windows ya "kopi" yenye kiwashio cha KMS, mfumo wa leseni za mashirika unaoigizwa. Yaani anatoa halali anaweka haramu, na anakutoza! Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kuisha, ni KMS, inayodumu siku 180 kisha inategemea kikazi kilichofichwa kiifufue. Halafu ingia Windows Security, sehemu ya Exclusions. Ukikuta folda imeruhusiwa kupita bila kukaguliwa, au mbaya zaidi C yote, ujue mlango wa nyumba uliachwa wazi makusudi ili kraki (programu zilizovunjwa leseni) zisifutwe. Kila kitakachoingia baada ya hapo kinapita mlango huohuo.

Na kraki za nini? Studio za hapa zinafungua FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, ya kukraki na plagini (viongezo vya sauti) mia moja zisizotumika. FL Studio ya majaribio inafanya kila kitu, inatoa hata wimbo uliokamilika, ila haifungui tena mradi uliouhifadhi mpaka ulipie. Na ukilipia mara moja, matoleo mapya ni bure maisha yote. Reaper, programu nyingine ya muziki, inakupa siku 60, na leseni ndogo ni dola 60. LMMS ni bure kabisa. Sinthesaiza za ndani ya kompyuta ndiyo usiseme: Surge XT bure, Vital ina toleo la bure, Dexed inaiga sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983, bure. Mtu mwenye hizo tatu ana sauti nyingi kuliko atakazozitumia maisha yake yote. Kwa nini auziwe kraki yenye mdudu?

Tukija kwenye vinanda, kila chenye vitufe vya midundo kinaitwa "sinthesaiza". Hapana. Kinanda cha midundo ni kinanda cha midundo, kizuri kwa kwaya na harusi. Sinthesaiza inakuruhusu kuitengeneza sauti: oseleta (chanzo cha sauti), filta (kichujio chake), na namna sauti inavyopanda, inavyoshuka na inavyokufa. Kipimo cha dukani: shikilia noti moja, tafuta kinachofungua na kufunga filta noti ikiwa bado inalia. Hakipo? Lipa bei ya kinanda.

Na adapta! Casio nyingi za zamani zinatumia AD-5, volti 9, hasi ikiwa katikati. Yamaha nyingi ni volti 12, chanya katikati. Plagi zinafanana kwa macho. Fundi anachukua adapta ya "zote" anageuza swichi mpaka taa iwake. Wakati mwingine haiwaki tena. Mchoro wa duara na alama za + na − uko nyuma ya kinanda, karibu na tundu. Usomwe kabla ya kuchomeka.

#2

Ng'wanawane, umesema kweli lakini umesema nusu. Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Mteja anakuja na laki nne, anataka gemu mpya zote, studio, na printa juu. Ukimwonyesha OptiPlex nyembamba ya heshima, anasema "hii ya benki". Ukimwonyesha kasha la kioo lenye i3 ya zamani, analipa. Taa ndizo zinazonunuliwa, mkuu.

Kadi bandia siitetei. Lakini jua kwamba na sisi tunapigwa huko juu zinakotoka, kwenye boksi limefungwa nailoni safi kabisa.

#3

Hizo taa mnazozipenda zina gharama yake kwa watu wa karibu na maji. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanafuata mwanga. Kasha la kioo linalong'aa dirishani usiku, Kirumba au Capri Point, ni mtego. Feni ya mbele inawavuta ndani, wanakwama kwenye mapezi ya kipoza, wanashikana na vumbi mpaka linakuwa kama blanketi. Prosesa inapanda nyuzi joto, inajipunguzia kasi, mtu anasema gemu ina tatizo.

Zima, chomoa waya, fungua. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize kwa blowa. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa unaua beringi zake. Paka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, ukubwa wa punje ya choroko. Zima taa usiku, na weka wavu mwembamba kwenye feni za kuingiza hewa. Kitambaa cha soksi ya kike kinafaa, kifuliwe kila wiki mbili.

#4

Mkuu mwenye uzi, umesahau jambo la studio. Ukibonyeza kinanda cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta), sauti inatoka kwenye supika baada ya muda. Fundi anasema waya wa MIDI ni mbovu, ninunue mwingine. Na supika zinanguruma nikisogeza mausi.

#5 (mwenye uzi)

Waya hauna kosa. MIDI inapeleka biti 31,250 kwa sekunde, na noti moja inachukua chini kidogo ya milisekunde moja. Kinachochelewesha ni bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulitoa. Sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23, na hapo hujahesabu draiva. Shusha bafa hadi 128 kwa 48,000 upate karibu 2.7. Sauti ikianza kukatikakatika, panda 256. Tumia draiva ya ASIO (ya sauti isiyochelewa) ya mtengenezaji wa kadi yako ya sauti. Kama huna kadi, ASIO4ALL inasaidia, ingawa ni kivuko tu juu ya draiva ya Windows. Bado inakatika? Washa programu ya LatencyMon kwa dakika kumi uone draiva ipi inaleta foleni. Mara nyingi ni ya Wi-Fi. Izime ukirekodi, na uweke mpango wa umeme kwenye High performance.

Kile kidude cha V8 cha kuimbia laivu kwenye simu kisikudanganye, si kadi ya kurekodia.

Ngurumo ya mausi inatoka kwenye mzunguko wa ethi: kompyuta na miksa zimechomekwa soketi tofauti, zinakutana tena kwenye waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikibaki, weka di-boksi (kiboksi cha kupitishia sauti) yenye transfoma kati ya kompyuta na miksa, au tumia waya zenye mistari miwili na ngao kama miksa yako inazipokea.

Na sikieni wote: fundi akikwambia dawa ni kuikata pini ndefu ya ethi kwenye plagi, mfukuze. Ngurumo itaondoka, ndiyo. Siku waya wa moto utakapogusa bati la miksa, umeme utakosa njia nyingine zaidi ya mtu aliyeshika maiki.

#2 tena, wewe wa kaunta. Tufanye biashara. Weka kwenye kompyuta ya maonyesho GPU-Z, CPU-Z na CrystalDiskInfo. Mteja asome mwenyewe jina la kadi, aina ya RAM, na saa ambazo diski imefanya kazi. Kasha la kioo uza tu, ila uza kama kasha.

#6

Nimekubali, mkuu. Diski nayo niongeze ile mistari ya sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu za diski), maana ndiyo inayoua mitumba mingi na wateja hawaiulizi. Ila mje asubuhi. Jioni umeme ukiyumba, hata GPU-Z haifunguki.