Shokapu mpya, lakini gari bado linagonga kwenye vumbi

Mlimazabibu

Habari za jioni, wakuu. Nina Toyota IST ninayoitumia kila siku kutoka Nkuhungu kwenda kazini, na mwisho wa wiki huenda nayo shambani Makutupora, ambako kipande cha mwisho cha njia ni vumbi, mawe na makorongo yaliyoachwa na mvua. Tangu mwezi Machi mbele upande wa kushoto kuna mlio wa "ko, ko, ko". Fundi wa kwanza aliniambia shokapu zimekufa, nikanunua mbili mpya; gari likatulia kidogo, lakini mlio uko palepale. Kinachonishangaza ni kwamba nikipita taratibu kwenye matuta ya lami halilii kabisa, ilhali nikiingia njia ya shamba linagonga hata nikiwa mwendo wa kinyonga. Sasa nashauriwa niweke spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu kwenye springi, ili gari liinuke, kwa maelezo kwamba shokapu zinalemewa na mzigo. Naomba anayeelewa anifafanulie kazi ya vifaa hivi kabla sijatoa fedha nyingine.

Spana17

Ndugu Mlimazabibu, jibu umeliandika mwenyewe pale ulipotaja matuta, na nitalirudia hapo chini.

Kwanza, shokapu haibebi gari. Uzito unabebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja na kuhifadhi nguvu ile, kisha hutaka kuirudisha, na kama si shokapu gari lingeendelea kunesanesa mita nyingi baada ya jiwe lenyewe kupita. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu na vali nyembamba. Kwa kuwa mafuta hayapiti kirahisi, mwendo ule hugeuka joto na mneso hufa. Kwa hiyo anayekwambia shokapu "zinalemewa na mzigo" anazungumzia springi bila kujua.

Kwenye gari lako springi na shokapu za mbele zimefungwa pamoja kuwa mguu mmoja, mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ambao Ford iliutumia kwenye Consul na Zephyr zake nchini Uingereza mwaka 1950. Nyuma kila kimoja kimekaa peke yake. Nadokeza tu kwamba fundi asifungue nati ya juu ya mguu huo kabla ya kuibana springi kwa kibanio chake, kwa maana springi ikifyatuka inaweza kuua mtu.

Sasa mlio wako. Kuna nondo ya stablaiza inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia kupitia linki mbili fupi. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo hiyo huzunguka tu kwenye bushi zake, yaani mipira inayoishikilia, na linki hazipati kazi kubwa. Gurudumu moja likitumbukia korongoni na jingine likabaki juu, nondo husokotwa, linki zikavutwa na kusukumwa, na yenye kichwa kilicholegea hugonga. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ingiza mkono, shika linki ya kushoto na uitikise kwa nguvu. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Ukiwa hapo, mwambie fundi apime pia boli jointi ya chini, kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu, kwa mtaimbo; hiyo usiipuuze, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala ubavu ukiwa barabarani.

Mzee wa Kisasa

Kuhusu spesa, mimi niliziweka kwenye gari dogo kama lako. Ni kweli halikugusa tena chini. Lakini gari likiinuka, amu za chini, yaani mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, huning'inia kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa na magurudumu hubadili mkao. Mimi sikufanya alaimenti (kupanga upya mkao wa magurudumu), tairi mbili mpya zikaisha upande wa ndani, kisha mpira wa draivu shafti, ile shafti inayozungusha gurudumu, ukapasuka na kumwaga grisi. Kama halikwaruzi chini, liache lilivyo.

Mlimazabibu

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimeishika linki ya kushoto: kichwa cha chini kinacheza kama jino la mtoto, na kiatu chake cha mpira kimechanika, ndani hamna grisi bali tope jekundu lililokauka. Nimebadilisha zote mbili, nimekwenda Makutupora na kurudi, kimya. Boli jointi ni nzima, ila bushi za amu zimepasuka, na fundi anataka kuzibadilisha kesho.

Spana17

Vizuri. Msimamie kwa jambo moja tu: asikaze bolti za amu gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Mpira wa bushi hizo hujisokota kila amu inapopanda au kushuka, na ukikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishushwa bushi itabaki imesokotwa muda wote na kupasuka mapema. Azifunge kwanza kwa mkono bila kuzikaza, ashushe gari likae na uzito wake, ndipo akaze.