Okidi mpya: sfagnamu, magome au makaa? Na maji mnatia vipi?

Askari wa Maua, South B

Habari zenu wanajukwaa. Nimenunua okidi mbili za Phalaenopsis, moja nyeupe na nyingine ya zambarau yenye madoa, kwa muuza miche wa kando ya barabara pale Ngong Road. Zote zimechanua. Kila moja imo ndani ya kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga, na kikopo nacho kimetumbukizwa ndani ya chungu kizuri cha rangi kisicho na tundu hata moja.

Muuzaji kasema nitie maji kila Jumapili, basi. Jirani yangu anasisitiza nizihamishe leo leo, niziweke kwenye udongo mweusi wa Limuru. Nikiuliza wengine, kila mtu na lake: huyu magome, yule sfagnamu, mwingine makaa. Mimi naishi ghorofa ya tatu, dirisha la sebule linatazama mashariki, na hutoka asubuhi nikarudi usiku. Nichague nini?

Mama Bustani, Kileleshwa

Karibu sana. Huo udongo mweusi mwachie jirani apandie sukuma wiki. Phalaenopsis kwao huko kusini-mashariki mwa Asia haioti ardhini, hujishikiza kwenye matawi ya miti na mizizi ikapigwa upepo. Mzizi wake umevikwa ganda la kijivu linalonyonya mvua upesi, kisha linakauka. Ukiufukia kwenye udongo wa shamba unakosa hewa, unaoza. Na mzizi ukioza majani hulegea na kukunjamana, mwenyewe akadhani mmea una kiu, akaongeza maji. Okidi nyingi za mjini hapa zinakufa hivyo.

Kuhamisha, subiri maua yaishe. Ukivuruga mizizi sasa hivi, maua na vitumba vitapukutika. Ila ukiona mizizi ya kahawia inayobonyea kidoleni, au kikopo kinatoa harufu ya uvundo, hapo usisubiri, hamisha hata kama imejaa maua.

Leo fanya jambo moja tu: inua kikopo, angalia ndani ya kile chungu cha rangi. Nakuhakikishia kuna maji yametuama chini. Yamwage.

Jamaa wa Makaa, Umoja

Mimi ni wa makaa na sitahama. Mkebe mmoja wa makaa ya kawaida ya jikoni unatosha vyungu kadhaa, na unaupata kwa mama wa kona, huhitaji kwenda Karen kutafuta vitu vya bei. Vunja vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, chekecha vumbi lote, osha mpaka maji yatoke meupe, loweka usiku kucha. Hayaozi. Hewa inapita. Chukua makaa ya mti halisi, usije ukachukua yale ya kubumbwa, yana udongo na gundi ya wanga ndani yake.

Tena changanya na yale mawe mepesi ya volkano, yanayotumika kusugua nyayo. Yanachimbwa hapo tu upande wa Longonot.

Kipepeo, Lavington

Jamaa, heshima yako, lakini mwenzetu hashindi nyumbani. Makaa matupu yanakauka upesi mno kwa mtu anayeondoka alfajiri. Halafu makaa hukusanya chumvi za mbolea na za maji, baada ya muda ncha za mizizi zinaungua. Ni lazima uyasuuze kwa maji mengi mara kwa mara.

Mimi natumia sfagnamu, ule mmea mdogo wa kinamasi (moss) uliokaushwa, laini kama sponji. Unashika maji muda mrefu, siku kumi hadi wiki mbili kwenye chungu cha wastani. Kwa mtu mwenye shughuli ndio unaomfaa. Siri ni kuuweka kwa ulegevu. Watu wanaushindilia kwa vidole mpaka unakuwa kifurushi, hewa haipiti, kisha wanailaumu sfagnamu.

Mzee wa Ngong

Kipepeo, hayo ya wiki mbili ni ya Februari. Njoo Julai. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12 huko nje. Jua halionekani siku nzima. Sfagnamu iliyolowa kwenye baridi ile haikauki, inakaa maji na kuota ukungu. Phalaenopsis yenyewe haipendi kushuka chini ya nyuzi 15 au 16. Baridi na maji pamoja, hiyo ndiyo inayoua.

Mimi ni magome ya msonobari. Ukienda kwenye viwanda vya kupasua mbao wanayatupa. Chukua yaliyokaa muda, si mabichi yenye utomvu, vunja vipande vya sentimita 1 hadi 2, chemsha, loweka. Kila mwaka na nusu hadi miwili badilisha, kwa sababu yakianza kuoza yanakuwa matope yanayoziba hewa, ndipo faida yote inapoishia.

Pwani Damu, Eastleigh

Hamjataja makumbi! Sisi wa Pwani tunayo bure. Vipande vya makumbi ya nazi vinashika maji kuliko magome na vinapitisha hewa kuliko sfagnamu. Tatizo lake ni chumvi, hasa yakitoka karibu na bahari. Loweka, mwaga, loweka tena, mpaka maji yaache kutoka rangi ya chai. Usipofanya hivyo utalia.

Mama Bustani, Kileleshwa

Nimefurahi kuona kila mtu anapigania jiko lake. Swali la kumuuliza Askari ni moja: mkono wako ukoje? Ukipita karibu na mmea unajisikia kuutilia maji kidogo? Chukua magome yaliyochanganywa na makaa, kwa sababu mkono huo utaua okidi ndani ya sfagnamu. Ukiwa wa kusahau, sfagnamu iliyolegea, au magome yenye vijinyuzi vichache vya sfagnamu juu, itakusamehe.

Kwa maelezo yako, wa kurudi usiku, dirisha la mashariki, ghorofa ya tatu penye upepo, mimi ningekuwekea magome sehemu tatu, makaa sehemu moja, na sfagnamu ukishika kiganja kimoja tu. Makumbi ya Pwani Damu yanaweza kuchukua nafasi ya hayo magome, yakishaoshwa.

Askari wa Maua, South B

Asanteni sana. Mimi ni wa kusahau, ila nikikumbuka nafidia kwa kuzidisha. Sijui hiyo ni mkono gani. 😄

Nimeinua kikopo kama Mama alivyosema: maji yalikuwepo, kama vidole viwili. Mizizi ya nje ni ya kijivu, ya ndani mingine kijani. Ila katikati kabisa naona kitu kama donge la nyuzi, mmea umekaa ndani yake.

Kipepeo, Lavington

Hilo donge ni kiota cha utotoni. Nyingi za Phalaenopsis zinazouzwa duniani hukuzwa kwenye vibanda vikubwa Uholanzi na Taiwani, na mche mdogo huanzishwa kwenye kidonge cha sfagnamu au cha mboji, mara nyingine ndani ya kijikapu cha wavu. Ukikua unatiwa chungu kikubwa na donge likiwa bado katikati. Vipande vya nje vinakauka, donge linabaki limelowa, nawe unadhani mmea umekauka. Siku ya kuhamisha litoe, kwa upole. Ukiona limeng'ang'ania mzizi mzuri, bakiza kidogo.

Kijivu cha mizizi ya nje ni ishara njema: mzizi mkavu ni kijivu au rangi ya fedha, ukilowa unakuwa kijani. Achana na kile cha Jumapili, tazama rangi ya mizizi. Kijivu kwa wingi, tia maji. Bado kijani, acha. Kwa mmea huu kiangazi huwa kila siku tano hadi saba, na baridi ya Julai huenda ikawa kumi au zaidi.

Mzee wa Ngong

Hapo umesema. Ongeza kunyanyua kikopo: kikiwa chepesi, kimekauka. Baada ya muda mkono unajua wenyewe.

Askari wa Maua, South B

Na kutia ndio vipi? Nimeambiwa nitumbukize kwenye karai, nimeambiwa pia barafu.

Jamaa wa Makaa, Umoja

Mimi naweka chini ya bomba asubuhi, maji yapite yakitoka chini, nasubiri yaishe kudondoka, narudisha. Kwa makaa na mawe hiyo ndiyo njia, inasuuza na chumvi.

Karai linafaa magome makavu yaliyokataa kunyonya. Tumbukiza kikopo hadi chini kidogo ya majani, dakika kumi hadi kumi na tano, toa, dondosha kabisa. Lakini usiloweke mimea miwili kwenye maji yaleyale. Mmoja ukiwa na ugonjwa unauambukiza mwingine.

Kipepeo, Lavington

Kuhusu barafu watu huapa kwamba ni sumu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia, Marekani, walichapisha matokeo 2017: Phalaenopsis zilizopandwa kwenye magome na kumwagiliwa vipande vitatu vya barafu mara moja kwa wiki zilichanua muda uleule na zile za maji ya kawaida. Basi haziui. Lakini vile vipande vitatu ni maji kidogo, yanateremka polepole upande mmoja wa chungu. Hiyo njia ni ya mtu wa ofisini mwenye mmea wa mapambo mezani. Ukitaka mmea unaokua, mizizi yote ilowe, kisha ikauke.

Mama Bustani, Kileleshwa

Mnasahau maji yenyewe. Nairobi mengi ya bomba yanatoka mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, ni laini, hayana shida. Kisima cha kuchimbwa cha mtaani kwenu ndicho cha kuogopa, kwa maana visima vingi vya hapa vina chumvi na floraidi nyingi. Ukiona utando mweupe juu ya magome na ncha za majani zinakauka, shuku maji. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, kinga ya mvua kwenye ndoo, hakuna maji bora kuliko hayo.

Na usiruhusu maji yalale kati ya majani pale juu, panapoota jani jipya. Usiku wa baridi hapo ndipo kunapoozea, na mmea mzima unaondoka. Yakiingia, chukua kipande cha tishu uyafyonze. Ndio maana mwagilia asubuhi.

Sasa siku ya kuhamisha. Mwagilia siku iliyotangulia, mizizi inakuwa milegevu, haikatiki ovyo. Kamua kikopo pande zote, mmea utoke. Pukuta vilivyooza. Shika kila mzizi mmoja mmoja kwa kidole gumba na cha shahada: mgumu na uliojaa ni mzima, hata kama una rangi ya kahawia kidogo. Ule unaobonyea na ganda lake kuvuliwa kama soksi, ukibaki uzi mwembamba ndani, huo umekufa, ukate. Mkasi upitishe kwenye moto wa gesi au upanguse kwa spiriti kati ya mmea na mmea. Mdalasini wa unga unapakwa pale tu palipokatwa, usiimwagie mizizi yote, unaikausha.

Kikopo kipya kiwe na matundu mengi, na kipenyo kizidi cha zamani kwa sentimita 2 hivi, si zaidi. Kikubwa mno kinabaki na unyevu kati ambako hakuna mizizi. Weka mmea katikati, shina la chini liwe usawa wa ukingo, majani yasifukiwe. Mimina magome ukigongagonga kikopo mezani, na kwa kijiti cha mishikaki usukume vipande viingie kati ya mizizi. Mizizi ya hewani inayotoka nje iache huko huko nje. Mmea usiyumbe, ukiyumba funga kwa kijiti na uzi.

Baada ya hapo usitie maji siku chache, vidonda vikauke. Mbolea usiguse mwezi wa kwanza. Baadaye, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kutoka agroveti inatosha, na itiwe mizizi ikiwa imeshalowa.

Pwani Damu, Eastleigh

Na dirisha la mashariki, weka pazia jepesi Januari na Februari, jua la asubuhi linachoma majani. Vitabu vya Ulaya hueleza madirisha kwa jua la kwao. Hapa tuko karibu na ikweta, jua la Juni linaegemea kaskazini na la Desemba kusini, kwa hiyo usifuate kila wanachosema. Jani la kijani kilichokolea kupindukia linaomba mwanga zaidi, lenye wekundu limezidiwa.

Mzee wa Ngong

Neno la kando: wale wanaouza okidi za mwituni zilizobanduliwa kwenye miti, hasa ile ya chui, Ansellia africana, msinunue. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kichaka kikishabanduliwa hakirudi.

Askari wa Maua, South B

Nimeshapanga: nangoja maua yaishe, makaa nimeshamwagiza mama wa kona, magome nitatafuta Jumamosi. Swali moja: bua la maua yakiisha nilikate au niliache?

Mama Bustani, Kileleshwa

Likiwa bado kijani, kata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, linaweza kutoa tawi jingine la maua. Likikauka likawa la kahawia, kata karibu na shina. Ila mmea uliopoteza mizizi mingi mwondolee bua lote hata likiwa kijani, nguvu ziende kwenye mizizi.